Ubao wa kilo 27 kwa mtoto wa kilo 36

Kimamba hatuna bahari. Tuna reli ya kati, tuna mashamba ya mkonge, tuna vumbi la kiangazi na tope la masika, na kutoka kituo chetu cha treni hadi ufukwe wowote ni zaidi ya kilomita 200. Kwa hiyo Julai mwaka jana, mtoto wa dada yangu aliporudi kutoka likizo Dar es Salaam na kutangaza mezani kwamba anataka kuchonga ubao wa kupanda mawimbi, baba yangu alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Mama hakucheka. Aliinuka, akakusanya vyombo ambavyo bado vilikuwa na chakula, akaenda navyo uani.

Mtoto huyo ana miaka 13 na yuko kidato cha kwanza. Kwa desturi yetu ni mwanangu, ananiita Ma'mdogo, ingawa nimemzidi miaka 15 tu. Analelewa na babu na bibi yake kwa sababu mama yake anafanya kazi Kigamboni na chumba chake kimoja hakiwatoshi. Wengi mnaosoma ukurasa huu mnaijua hali hiyo. Ama mlilelewa hivyo, ama mna mtoto mliyemwacha nyumbani hivyo. Likizo ndiyo nafasi yake ya kukaa na mama. Na mama akiwa kazini mchana kutwa, ufukwe ndio unaomlea.

Alichokisema mezani kilikuwa nusu ya habari. Nusu ya pili aliniambia siku mbili baadaye, tukitoka dukani. Upepo wa kusi ukivuma, Juni na Julai, bahari ya Kigamboni huchafuka, na kuna vijana wachache huja na mbao za kisasa za kupanda mawimbi. Mmoja alimwazima ubao wake. Akalala juu yake kama alivyoona kwenye simu. Wimbi la kwanza likampeleka vizuri mpaka mchangani. La pili likampindua, ubao ukaondoka na upepo, yeye akabaki mahali ambapo miguu haigusi. Hajui kuogelea. Mwenye ubao ndiye aliyemvuta kwa fulana.

"Mama yako ulimwambia?"

"Ma'mdogo, angenirudisha Kimamba siku hiyohiyo."

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Habari kama hiyo siwezi kuisikia nikaifungia kabatini. Nilimshawishi tuwaambie wakubwa wote, naye akakubali shingo upande. Dada alilia kwenye simu, kisha akatoa hukumu: hakuna tena maji, hata ya goti. Baba alisema hukumu hiyo haitekelezeki, maana mtoto wa miaka 13 haombi ruhusa ya kwenda ufukweni, anakwenda. Bora aende na kitu anachokijua kuliko kuazima. Mama ndiye aliyekaa kimya siku nyingi, na ukimya wake ulikuwa na sababu ambayo watoto wote wa nyumba ile tunaijua bila kusimuliwa sana.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume. Akiwa na miaka 14 aliingia na wenzake kwenye bwawa moja la zamani la shamba, wakiwa wamepanda magogo ya migomba. Kila mtoto wa mashambani anajua gogo la mgomba linavyoelea. Walifika katikati, gogo likajizungusha kama linavyofanya gogo lolote la mviringo, na mjomba wangu hakuibuka. Sikuwahi kumwona. Nilichoachiwa ni amri: usisogelee maji.

Siku aliyoamua kusema, Mama alisema sentensi moja, na tangu hapo nimeshindwa kuitoa kichwani: "Kinachoelea humpeleka mtoto mpaka pale asipoweza kurudi mwenyewe."

Nimehudhuria semina kadhaa kuhusu vifo vya watoto, na sidhani kama kuna mtaalamu aliyenieleza jambo hili vizuri kuliko yeye. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti Desemba 2024 ikieleza kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 duniani walikufa maji, na karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka mitano. Tisa kati ya kila kumi ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani ni sisi. Hao wadogo hawafii baharini. Wanafia kwenye kisima kisichofunikwa, kwenye shimo lililojaa mvua, kwenye ndoo. Lakini wakubwa kidogo, wa umri wa mjomba wangu na wa huyu wetu, hufuata maji wenyewe, mara nyingi wakiwa na kitu cha kuelea mkononi: dumu, tairi, gogo, ubao.

Baba hakubishana na sentensi ile. Aliichukua kama fundi anavyochukua vipimo.

Alikuwa seremala wa karakana kwenye mashamba ya mkonge enzi yakiwa mali ya serikali, mpaka yalipobinafsishwa miaka ya 1990. Chini ya kitanda chake kulikuwa na mbao za mninga ambazo amezitunza kwa miaka. Ukimuuliza za nini, husema ni za jeneza lake, na Mama humfokea. Hizo ndizo alizozitoa. Aliziunganisha mbao tano bega kwa bega, akazipiga randa, akachonga ncha mbele na kuviringisha kingo. Urefu futi sita, upana nusu mita, unene sentimeta saba. Ulikuwa ubao mzuri ajabu, wenye rangi ya asali. Tukaupeleka kwenye mizani ya mashine ya kusaga. Kilo 27. Kisha akapanda mwenyewe ubao: kilo 36.

Aliubeba hatua kama 30 hivi, akaushusha. Akajaribu begani, akajaribu kichwani, akauburuta. Wataalamu wengi wa mifupa hushauri mkoba wa shule usizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto. Hapa tulikuwa na robo tatu. Lakini mgongo haukuwa hofu yangu kubwa. Wanaochunguza majeraha ya mchezo huu wamekuta mara kwa mara kwamba kinachomjeruhi mpandaji kuliko vyote ni ubao wake mwenyewe, na kichwa ni moja ya sehemu zinazoumia sana. Fikiria kilo 27 za mninga zikitupwa na wimbi kuelekea paji la uso la mtoto.

Kulikuwa na jambo jingine, nalo alilieleza yeye mwenyewe, akijivunia somo lake la fizikia. Aliuzamisha ubao kwenye pipa lililojaa pomoni, nusu ya kwanza kisha akaugeuza, akapima maji yaliyomwagika. Lita 44. Kila lita ya maji inayosukumwa hubeba kilo moja, ndivyo alivyosema Archimedes. Toa uzito wa ubao wenyewe, kilo 27, unabaki na nguvu ya kubeba kilo 17 tu. Kwa mtoto anayetaka kulala juu yake kifua kikiwa nje ya maji, ni kidogo. "Kwa hiyo Babu," akasema, "tukipunguza uzito bila kupunguza ukubwa, unabeba zaidi." Baba alimtazama kwa muda. Nadhani siku hiyo ndiyo ada ya shule ilianza kurudi.

Kukomba mbao ndani si jambo geni kwetu. Kinu ni gogo lililokombwa. Ngoma ni gogo lililokombwa. Mzinga wa nyuki ni gogo lililokombwa, na ngalawa za pwani huchongwa kwa tezo kutoka kwenye shina la mwembe mpaka libaki ganda. Tofauti ni kwamba hivyo vyote vina mdomo. Vimeachwa wazi upande mmoja. Ubao wa mawimbi lazima uwe na uvungu usioonekana, uliozibwa pande zote, na mtu akanyage juu yake.

Nilitafuta waliotangulia. Wahawaii wa kale walipanda mbao nzima nzito kupita kiasi, nyingine ndefu kuliko mlango wa kanisa. Mwaka 1926 Mmarekani mmoja, Tom Blake, alikuwa akikarabati mbao hizo za kale katika jumba la makumbusho la Bishop huko Honolulu, akavutiwa nazo, akataka wa kwake. Alichukua ubao mzito wa mti uitwao redwood, akautoboa mamia ya matundu kutoka juu hadi chini, akauacha ukauke, halafu akaufunika kwa mbao nyembamba juu na chini. Baadaye aliachana na matundu akaanza kujenga kwa mbavu na ngozi, kama mtumbwi uliofunikwa, na mwaka 1932 akapata hataza ya ubunifu huo. Jambo lililonivutia mimi, mwandishi wa afya, ni kilichofuata: mbao zake zenye uvungu ziligeuka kuwa kifaa cha waokoaji kwenye fukwe za Marekani, kwa sababu mtu mmoja aliweza kukimbia nao mpaka majini na kumfikia anayezama.

Nilimsomea Baba yote hayo. Akasema, "Huyo Mzungu alichelewa. Angemuuliza mwanzi."

Na kweli, alifuata mwanzi. Mwanzi ni mtupu ndani lakini kila baada ya kipande una kifundo, na kifundo ndicho kinachouzuia kubonyea. Ndivyo ulivyo pia mfupa wa paja lako: katikati si mfupa, ni uboho, nguvu iko kwenye ganda la nje. Baba aliupasua ubao kwa msumeno kufuata mistari ya gundi, moyo ukiniuma, akarudi kwenye vipande vyake vitano. Katika kila kipande alichora madirisha. Kati ya dirisha na dirisha aliacha ukuta wa sentimeta tatu, na juu na chini aliacha unene wa kidole kidogo. Pale ambapo kifua na magoti yatakandamiza, madirisha aliyafanya madogo na kuta zikawa karibukaribu. Vipande viwili vya pembeni aliviacha vizima upande wa nje, maana ndivyo vinavyogonga mchanga na mawe.

Kazi ilikuwa ya mtoto. Babu alichora, mjukuu akatoboa kwa drili safu ya matundu, kisha akaunganisha matundu kwa patasi. Jumamosi sita. Mninga unanukia vizuri ukichongwa lakini vumbi lake linawasha pua na kifua, kwa hiyo nilipeleka barakoa na nikasimamia zivaliwe. Hilo nawaomba na ninyi mlio na mafundi nyumbani. Baba alikuwa akigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, kama anayepima tikiti. Kipande kimoja kilikombwa kupita kiasi kikapasuka. Kikatupwa kwenye jiko la Mama, ambaye mpaka hapo alikuwa akipita na beseni lake kana kwamba karakana ile haipo.

Kulikuwa na njia ya mkato tuliyoijaribu katikati, na kwa mtu wa Kimamba ingekuwa aibu kutoijaribu. Mkonge ukizeeka huchipua mlingoti mmoja mrefu, futi 15 au 20, hutoa maua na miche yake, halafu mmea wenyewe unakufa. Milingoti hiyo ikikauka ni myepesi kama mkate, ganda gumu kidogo nje na nyama ya sponji ndani. Sisi huezekea vibanda na kujengea nyua, na watoto hutengenezea magari. Mkonge ni jamii ya agave, ambayo huko California na Hawaii mafundi wachache huchongea mbao za mawimbi kutokana na milingoti ya namna hiyohiyo. Mtoto alipoona picha alirukaruka. Kwa nini kuteseka kukomba mninga, wakati Mungu ameshakomba mkonge?

Tuliunganisha milingoti minne, tukaiweka kwenye pipa usiku kucha. Asubuhi ilikuwa imekunywa maji kama kitambaa cha deki. Wenzetu huifunika kwa kioo cha nyuzi na gundi za kisasa, ambazo bei yake sikuthubutu kuitaja mbele ya Mama. Basi kwa sasa mkonge umebaki uani, banda la kuku.

Mninga uliokombwa ulipounganishwa tena kwa gundi ya maji ya bahari na kupigwa msasa, tukarudi kwenye mizani. Kilo 11. Ukubwa uleule, lita zilezile 44, na sasa nguvu ya kubeba imepanda kutoka kilo 17 hadi 33. Mtoto aliubeba kutoka mashineni hadi nyumbani bila kupumzika, watoto wa mtaa wakimfuata.

Hapo wengi tungeishia, tungepiga picha na kuituma kwenye kundi la familia. Baba alisema ubao wenye uvungu ni mwongo mpaka uthibitishwe. Aliuzamisha kwenye pipa kwa saa moja, akaufuta, akaupima: kilo 12 na nusu. Lita moja na nusu ilikuwa imeingia mahali tusipopaona. Mtumbwi ukivuja unaona maji miguuni na unachota. Ubao uliozibwa ukivuja hauoni chochote. Unazidi kuwa mzito kimyakimya ukiwa umemlalia mbali na pwani. Aliuzamisha tena, akaubonyeza kwa magoti, akaweka alama ya kalamu kila palipotoa mapovu. Matatu yalikuwa kwenye kiungo kimoja. Akakifungua, akakiziba upya, akarudia vanishi mara nne. Safari hii saa moja majini haikuongeza kitu ambacho mizani ya mashine ingekiona.

Halafu akatoboa tundu, kwa makusudi. Nilidhani amechoka. Akaeleza: hewa iliyofungiwa ndani, ubao ukilazwa juani Kimamba saa nane mchana, itatanuka na kufumua viungo. Lazima ipumue. Alitoboa matundu madogo kwenye kuta zote za ndani kabla ya kuunganisha ili hewa ipite, na juu karibu na ncha akaweka tundu moja lenye kizibo cha kuskrubu. Nchi kavu kinafunguliwa, majini kinafungwa. Bila kizibo hicho, ubao huo hauwezi kuingia baharini. Kumbuka hilo.

Wepesi nao una madhara yake, na hapa ndipo niliporudi kwenye kisa cha Kigamboni. Ubao uliomkimbia ulikuwa mwepesi. Ndiyo maana upepo uliuchukua haraka kuliko yeye alivyoweza kupiga mikono. Ule wa kilo 27 pengine ungembakia karibu, kama usingemvunja pua. Kwa hiyo ubao mwepesi unahitaji kamba ya kifundo cha mguu. Baba alisokota ya katani, ikawa ngumu, haivutiki na inakata ngozi. Hatimaye alikata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ukasukwa, ukavishwa kitambaa.

Na kamba, jamani, si kuogelea. Kamba hukatika. Nililisema hilo kwa sauti, na kwa mara ya kwanza Mama alikaa kwenye kigoda karakanani. Akaweka sharti lake, na sharti hilo ndilo limekuwa sheria ya nyumba: mtoto haendi na ubao mpaka aweze kurudi bila ubao.

Mita ngapi, basi? Nilitafuta kipimo chenye maana. Bangladesh, nchi ya mito na mafuriko, ilianzisha mpango wa kuwafundisha watoto kuogelea unaoitwa SwimSafe, na kipimo chao ni mtoto kuogelea mita 25 na kuelea mahali pamoja kwa sekunde 30. Si ya Olimpiki. Ni umbali wa kutoka ulipoteleza mpaka unaposhikika. Shirika la Afya Duniani nalo linapendekeza watoto wa shule, kuanzia miaka sita hivi, wafundishwe stadi za msingi za kuogelea na kuokoa kwa usalama. Karibu zaidi na kwetu, Nungwi kule Unguja, mradi wa Panje umewafundisha hata akina mama na wasichana waliokulia hatua chache kutoka baharini bila kuwahi kuingia, wakiwa katika mavazi yanayowasitiri. Huwa nawataja ninapokutana na mzazi anayeniambia kuogelea ni mambo ya Wazungu au ya wahuni.

Lakini ufundishie wapi mtoto wa Kimamba? Mto Mkondoa si darasa. Wanaokumbuka mafuriko ya Kilosa ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, yaliyong'oa reli na kuwaweka watu kwenye mahema, hawahitaji maelezo. Mabwawa yana kichocho, na minyoo ile haihitaji mtoto anywe maji, inapenya ngozi akiwa anacheza. Mbele zaidi kuna mamba. Amri ya Mama ya "usisogelee maji" ilikuwa na akili yake. Ubaya wa amri ile ni kwamba haikuwa na sehemu ya pili.

Sehemu ya pili tuliipata Morogoro mjini: bwawa la kuogelea la hoteli, Jumapili mbili kwa mwezi, na mwalimu anayetoza kwa saa. Mimi nalipa saa, dada analipa nauli, na nauli hiyo inauma kila mara. Najua si kila nyumba inaweza. Nimeona wazazi wa pwani wakitumia maji kupwa, kwenye vidimbwi vya kiunoni vinavyobaki mchangani, mtu mzima akiwa umbali wa mkono. Haina gharama ila muda wako na simu yako kubaki mfukoni.

Kitu kimoja zaidi Mama alikiomba, na aliuliza bila kunitazama: kama siku ile kungekuwa na mtu anayejua la kufanya, mdogo wake angepona? Sikumjibu hilo. Nilichukua mto wa kulalia, nikauweka mkekani. Ukimtoa mtoto majini, ita watu, mlaze chali, angalia kama anapumua. Kama hapumui, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi tano kwa kuanzia, maana aliyezama ameishiwa hewa. Kisha mkandamize katikati ya kifua mara 30, kwa nguvu na kwa haraka, mpulizie mbili, rudia, usiache mpaka apumue au msaada ufike. Usimning'inize kichwa chini. Usimkamue tumbo kutoa maji. Unapoteza dakika na unaweza kumpalia matapishi. Hata akiamka na kucheka, apelekwe hospitali. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Mama alikandamiza ule mto mpaka pamba ikatoka pembeni. Alihesabu kwa sauti mpaka 30, akapuliza, akaanza tena, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba inatosha.

Hesabu ya mpaka wiki hii: mtoto anaelea sekunde 30 bila shida, na ameogelea mita 19. Ubao uko darini, umelazwa juu ya magunia ya mahindi. Kizibo chake kiko kwenye fundo la khanga ya Mama, pale anapofunga hela zake. Jumapili iliyopita alimpigia simu mwalimu wa kuogelea yeye mwenyewe, kwa simu ya jirani, akauliza ni mita ngapi sasa. Akaambiwa 19. Akashukuru, akalikaza fundo, akamrudishia jirani simu yake.